Konzi ya Mgeni

Paukwa!
Pakawa!
Moto una kuni?
Unazo!
Na masikio, mmekuja nayo au mmeyaacha nyumbani?
Tumekuja nayo!
Basi yasogezeni hapa. Aliyeshiba asisinzie, mwenye njaa asinung'unike, maana ngano huwatosha wote wawili.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba za kulaza wageni, palikuwa na bonde liitwalo Mvukeni. Bondeni humo palitoka chemchemi ya maji ya moto. Mpita njia aliyetia miguu yake humo uchovu wote ulimtoka, akalala kama mtoto aliyeogeshwa.

Mvukeni palikuwa na nyumba tatu za wageni. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Ngiri, kubwa, yenye mlango mrefu kupita haja, kwa kuwa Ngiri alipenda kusifiwa mlango. Ya pili ilikuwa ya Nungunungu, ya wastani, safi, imefagiwa. Ya tatu ilikuwa pango dogo la Bi Pimbi, kule juu mwambani.

Bi Pimbi huyu alikuwa mdadisi. Akiona moshi, atauliza unatoka wapi. Akiona nyayo, atauliza zinakwenda wapi. Majirani walimwambia, Pimbi, udadisi haujazi kibaba. Naye aliwauliza ni nani aliyewaambia hivyo.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Nyumba isiyolaza mgeni tangu mavuno hadi mavuno, moto wake huzimwa kwa maji, na mwenye nyumba hufunga virago akahama. Mzee Kobe ndiye aliyekuwa mzima moto. Moto wa Pimbi aliwashiwa na mama yake, na mama yake aliwashiwa na bibi yake. Na mwaka ule, mavuno yalikuwa yamekaribia, na hakuna mgeni hata mmoja aliyelala pangoni. Pimbi aliogopa. Aliamka akiogopa na kulala akiogopa.

Si kwamba wapita njia hawakuwapo. Walikuwapo tele, wakienda ziwani, wakitoka ziwani. Walifika njia panda pale juu, wakasimama, wakasikiliza, kisha wakashika njia ya bonde la jirani.

Walisikiliza nini? Walisikiliza wenyeji wakinadi nyumba zao.

Ngiri alisimama njia panda akaita:
"Laleni kwangu! Kwa Nungunungu kuna miiba, kwa Pimbi kuna baridi!"

Nungunungu akaita:
"Laleni kwangu! Kwa Ngiri kuna matope, kwa Pimbi kuna baridi!"

Na Pimbi naye, msidhani alikuwa malaika, akaita kwa kile kisauti chake:
"Laleni kwangu! Kwa Ngiri kuna matope, kwa Nungunungu kuna miiba!"

Ndivyo walivyofundishwa na wazee wao, na ndivyo walivyofanya, asubuhi na jioni.

Siku moja Pimbi akajiuliza: hawa wapita njia, mbona husikiliza kwanza ndipo wakaondoka? Wangekuwa na haraka, wasingesimama. Swali likamwasha kama upupu. Akaacha kunadi, akawafuata nyuma.

Akamfuata Korongo. "Bwana Korongo, mbona hukulala kwetu?" Korongo akasema ana safari ndefu, akaruka zake.

Akamfuata Kicheche. "Bwana Kicheche, mbona hukulala kwetu?" Kicheche akasema kule mbele ni kuzuri zaidi, akapotea majanini.

Akamfuata Pofu, mkubwa wa swala wote, mama mtu mzima, mzito, asiyejua kusema uongo kwa sababu ya uvivu. "Shikamoo, mama. Mbona hukulala kwetu?"

"Marahaba, mwanangu. Nilale wapi?" akasema Pofu. "Mimi nilisikia sauti tatu. Nikasikia matope, nikasikia miiba, nikasikia baridi. Nyumba sikuisikia. Nikasema, bonde hili lina matope, miiba na baridi, ngoja nipite."

Pimbi akauliza, na huko bonde la jirani je, ni kukavu?

"Ni matope matupu," akasema Pofu. "Lakini huko anaita mmoja tu, na anaita vizuri."

Pimbi alirudi nyumbani akicheka na kulia, maana miaka yote ile walikuwa wakiwafukuza wageni kwa jasho lao wenyewe.

Akaita baraza. Wakaja Ngiri na Nungunungu, na Mzee Kobe akafika wakati wenzake wamekwisha kuchoka kumngoja. Pimbi akawaeleza alichosikia. Kisha akasema tumtafute mwitaji mmoja, naye aite bonde, asiite nyumba. Na mwitaji ale nini? Kila mgeni atakayelala, itoke konzi moja ya mtama, iende kwa mwitaji. Siku zile, mnajua, wageni walilipa malazi kwa mtama.

Ngiri akaguna. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba yangu itajiuza yenyewe."

"Mwaka huu imejiuza kwa nani, Bwana Ngiri?" akauliza Pimbi.

Ngiri akatazama pembeni. Akaja na neno jingine: mwenye wageni wengi atatoa konzi nyingi, na asiye na mgeni hatatoa kitu, na wote wataitiwa sawasawa. Hiyo ni haki gani? Nungunungu akajibu kwamba asiyelaza mgeni hana pa kuitoa hiyo konzi, na kwamba konzi hufuata mgeni, haifuati ukubwa wa mlango. Neno la mlango likamchoma Ngiri, akaliacha hilo.

Likabaki gumu kuliko yote: konzi ya nani? Konzi ya Pimbi ingejaza kifuniko cha kibuyu. Konzi ya Ngiri ingejaza sufuria, na msiniulize ngiri ana vidole vingapi, mimi nasimulia tu. Wakabishana mpaka vivuli vikahama. Pimbi ndiye aliyesema iwe konzi ya mgeni mwenyewe. Kila nyumba iweke chungu mlangoni, na mgeni akiaga achote konzi katika mtama aliolipa, aitie kwa mkono wake. Tembo atatia ya tembo, panya atatia ya panya, wala hakuna mwenyeji wa kumwonea mwenzake.

Wakakubali, na kazi ya kukusanya akapewa Nungunungu. Wakamwajiri Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa na sauti ya kulingana nalo. Hondohondo akakaa njia panda akaita:

"Mpita njia, geuka!
Bondeni kuna maji ya moto,
bondeni kuna moto wa kuni,
mlango utachagua mwenyewe!"

Wakaja. Haki ya Mungu wakaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na bonde likaanza kupona. Walioanza kuja walikuwa wakubwa, nyati na nyumbu na punda milia, wakalala kwa Ngiri penye nafasi, na wachache kwa Nungunungu. Kwa Pimbi hawakuenea. Hondohondo alimwambia avumilie, kwamba wadogo husafiri mwisho, wakubwa wakishakanyaga njia ikalainika. Pimbi akangoja, akifagia pango kila siku.

Lakini Ngiri, roho ilimuuma kuona mtama unaondoka mlangoni mwake. Alifanyaje? Alikigeuza chungu kifudifudi, akakifanya kigoda, akakikalia. Wageni walipouliza chungu cha konzi kiko wapi, aliwaambia waende zao salama. Nungunungu alipopita kukusanya, Ngiri alikaa juu ya kigoda chake akasema wageni hakuna, jamani, ni nyayo tu mnaziona.

Mara ya kwanza Nungunungu akaondoka na kidogo. Mara ya pili akaondoka na kidogo kuliko kile. Mara ya tatu, wageni wote wakiwa wamelala kwa Ngiri, hakuwa na cha kumpelekea Hondohondo. Na tumbo halisahau. Hondohondo akanyamaza, akaenda zake msituni kutafuta matunda.

Njia panda pakawa kimya. Wapita njia wakasimama, wakasikiliza, hawakusikia kitu, wakapita. Nyumba ya Ngiri ikawa tupu kuliko zote, maana ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Na wale wadogo wa kusafiri mwisho, waliokuwa waje kwa Pimbi, nao wakapita.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya mavuno. Kesho yake asubuhi Mzee Kobe angekuja na kibuyu cha maji.

Pimbi akapanda njia panda peke yake. Mwenyewe alijua la kufanya: ataita pango lake, ataita kwa nguvu, apate hata mjusi. Jua likaanza kuinama, na nani akatokea? Twiga. Amechoka, shingo inayumba.

Pimbi akamsogelea. Akafungua kinywa aseme lala kwangu, kwa Ngiri kuna matope. Maneno yakamfika mdomoni. Akamkumbuka Pofu, akayameza.

"Mpita njia, geuka," akasema. "Bondeni kuna maji ya moto, bondeni kuna moto wa kuni."

Twiga akainama, akauliza kama yeye mwenyewe ana nyumba. Pimbi akasema anayo, ila haitaenea hata shingo. Aende kwa Bwana Ngiri, mlango wake ni mrefu. Na asubuhi asisahau kutia konzi yake chunguni. Kisha, kwa kuwa Pimbi ni Pimbi, akamuuliza hivi yeye hulalaje. Twiga akasema kwa kawaida hukunja shingo, lakini akichoka sana huinyoosha. Akashuka, na Pimbi akarudi mwambani kuutazama moto wa mama yake. Alilia. Kwa nini nifiche? Alilia sana.

Kule kwa Ngiri, Twiga aliingia akanyoosha miguu, ikafika jikoni. Akanyoosha shingo, ikafika kitandani kwa mwenyeji. Akakoroma. Ngiri akatafuta pa kulala hakupaona, akajikuta nje na kigoda chake, na mvua inaanza.

Akakiacha kigoda hapo, akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu akasema karibu, lala, ila ukigeuka mimi simo. Ngiri akaitazama ile miiba, akashukuru, akaondoka.

Akapanda mwambani kwa Pimbi. Pimbi akamkaribisha kama inavyopaswa: kwanza maji ya miguu, kisha moto, kisha maneno. Ngiri akaingia kinyumenyume, ndivyo ukoo wao unavyoingia shimoni hata leo. Kiwiliwili kikaenea, kichwa kikabaki mlangoni.

Kisha Ngiri akauliza, bila kumtazama, "Huyu Twiga anasema ni wewe uliyemleta kwangu. Kwa nini, na moto wako unazimwa kesho?"

"Angelala njiani," akasema Pimbi, "na huko aendako angesema Mvukeni hakulaliki. Mimi nitahama, Bwana Ngiri. Bonde halitahama."

Ngiri akageuza jicho ndani. Aliutazama moto mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi Mzee Kobe akaja na kibuyu cha maji, Nungunungu nyuma yake, ameinamisha kichwa. Kobe hakuwa akitazama aendako, akajikwaa kwenye pua ya Ngiri.

"Bi Pimbi," akasema Kobe, "tangu mavuno hadi mavuno, nani amelala hapa?"

Pimbi akafungua kinywa aseme hakuna.

"Nimelala mimi," akasema Ngiri.

Kobe akafikiri. Kobe akifikiri, chai hupoa. Akasema jirani si mgeni. Nungunungu akasema aliyelala pasipo kwake ni mgeni. Kobe akasema kichwa kilikuwa nje. Nungunungu akamuuliza usingizi umo kichwani au umo mwilini, na Kobe hakulijua hilo. Mwishowe akasema siku hizi liko jambo moja linalomtambulisha mgeni. Mgeni akiaga, hutia konzi chunguni.

Wote wakamgeukia Ngiri.

Ngiri akajitoa pangoni, akateremka. Pimbi akadhani amekimbia. Wakangoja. Ngiri akarudi akihema, amebeba kichwani kile kigoda chake, na sasa kilikuwa kimegeuzwa, mdomo juu, kimejaa mtama hadi shingoni. Akachota konzi moja, konzi ya ngiri, akaitia katika chungu cha Pimbi. Chungu kile hakikuwahi kupokea punje tangu kiwekwe.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Hizi nyingine ni za wale niliowakalia. Nazipeleka msituni kwa Hondohondo, na nitamwomba radhi."

Mzee Kobe akakitazama kibuyu, akautazama moto. Alikuwa amekibeba kutoka mbali, na kilima kilikuwa kikali. Akaketi mlangoni, akayanywa maji yote.

Tangu siku hiyo Mvukeni huitwa kwa sauti moja, na aliyelaza mgeni huweka chungu mdomo juu. Funzo lake ni hili: ukimchafua jirani mbele ya mgeni, umejichafua na wewe, kwani mgeni hajui mpaka wenu. Na atakayekikalia chungu cha wote, ipo siku atakosa pa kulala.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, ibebeni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni nitaila mwenyewe.

Mimi? Nilipita bonde lile. Nililala kwa Nungunungu, na usiku niligeuka. Ndiyo maana mnaniona nasimulia nimesimama.