Vitonge Visivyopikwa, na Mkia wa Ngiri

— Wangu wa mkekani, mpo?
— Tupo, na masikio tumeyachokonoa!
— Kinu kinasemaje?
— Twa! Twa!
— Basi sogeeni.

Ndivyo alivyoanza bibi yangu, Bi Mwanakheri, Mungu amrehemu, akitwanga karanga na ubuyu, akikanda kwa asali, akituviringishia vitonge bila kuwasha moto. Harufu ile bado ninayo puani. Alisimulia hivi:

Palitokea kiangazi. Nyasi zilikauka hata wanyama wakakatazana kuwasha moto. Maji yalibaki mlimani tu. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, alikuwa na watoto, na watoto hawakuwa na nguvu za kupanda mlima. Basi Sange akatwanga karanga, twa! twa! Akatwanga ubuyu, twa! twa! Akakanda kwa asali, akaviringa vitonge.

Ngiri akasikia. Akaja, kuru kuru kuru.

"Shemeji, kinu chako kimeniita."

"Ni chakula cha watoto, shemeji."

"Hata mimi nilikuwa mtoto zamani."

Akala vyote, nyam nyam nyam, akaenda zake.

Kesho yake Sange akatwanga tena, twa! twa! Ngiri akaja tena, kuru kuru kuru. Akala tena, nyam nyam nyam. Jioni ile kitinda mimba wa Sange alishindwa kusimama. Sange akamlaza kifuani, akalia kimyakimya.

Kulipopambazuka, Sange akaufunga mchi kitambaa. Akatwanga, tu, tu, tu. Wala jirani hakusikia. Akaviringa vitonge, akawalisha wanawe, vilivyobaki akawafungia kwenye majani. "Pandeni mlimani, wanangu. Nakuja."

Kisha akakanda udongo mwekundu kwa asali kidogo. Akaviringa vitonge vikubwa, akavipaka asali tele, akavipanga penye njia ya siafu. Ndipo akatwanga kinu kitupu kwa nguvu: TWA! TWA!

Kuru kuru kuru!

"Shemeji, leo ni vikubwa!"

"Vikubwa, ila havijaiva. Ukionja kabla havijaiva, vinageuka udongo."

Ngiri akacheka. Akatia kimoja kinywani. Ptuu!

"Udongo!"

"Si nimekwambia? Kimoja umeshakiharibu."

Ngiri akashikwa na huzuni. "Sasa vitaiva vipi, na moto umekatazwa?"

"Kuku hulipasha yai kwa moto gani, shemeji?"

Ngiri akafikiri. Akafikiri tena. "Hulikalia!"

"Akili unazo. Ila lazima akaliaye awe mzito, tena asiinuke mpaka aone joto linapanda."

"Mzito ni mimi!" Akakaa, pwata! Asali ikamnata. "Wewe nenda, usije ukaniomba."

"Nakwenda, shemeji. Vyote vyako."

Sange akaushika mlima, chapu chapu.

Ngiri akakaa. Jua likapanda, akakaa. Pundamilia wakapita wakimcheka, akakaa. Siafu nao wakainusa asali. Wakaja mmoja mmoja, wakaja kundi, wakaja ukoo mzima.

"Aa," Ngiri akasema, "joto linaanza."

Kidogo akasema, "Naam, linapanda."

Kidogo tena: "Yalaaa! Vimeungua! Vimeungua!"

Akaruka, mkia juu, akatimua mbio nyikani, kuru kuru kuru, asithubutu kuushusha mkia. Na mpaka leo, ngiri akikimbia, mkia wake husimama wima kama mti wa bendera.

Mlimani watoto walikuwa wamekwisha kunywa. Yule kitinda mimba alimwona mama yake kwa mbali, akasimama, akakimbia kumpokea.

Funzo ni hili, wajukuu: subira huvuta heri. Ngiri alisubiri kuliko wote, na heri ikaja. Ila ilikuja na meno.

Hadithi imefika ukingoni. Aliyeisikia akaisimulie, na aliyesinzia asituulize.