Kwa Nini Langilangi Huinama

Mnanung'unika kwamba maua ya meza nayakata mashina mafupi mno, na harusi ni kesho. Haya, endeleeni kutunga huku mnasikiliza, maana sipendi kurudia maneno.

Zamani, maua yalipokuwa bado yanasema, Langilangi hakuinama. Alisimama wima, petali zake zikitazama juu, na alijiona kwelikweli. Asumini aliridhika kulala sahanini. Langilangi alitaka kuwa juu ya wote.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mize, fundi wa kupamba meza za karamu. Mwaka wa saba ule alikuwa hasemezani na dada yake Kazija, kwa neno moja tu lililotoka siku ya msiba wa mama yao. Mize alipokuwa anamwoza binti yake, alimpelekea dada yake mwaliko. Kazija akajibu kwamba atakuja.

Desturi ya pale ilikuwa hivi: anayekuja kupatana huketi kimya, mkabala na mwenyeji. Mwenyeji humtazama na kumpa tonge la kwanza kwa mkono wake, na ugomvi umekwisha. Mtu wa tatu haingilii, hata kwa kikohozi.

Mize alitaka kumheshimu dada yake kwa pambo ambalo halijapata kuonekana. Akamfunga Langilangi kwenye vijiti, akamsimamisha katikati ya meza, mbele ya kiti cha mgeni wake.

"Nipandishe tena," Langilangi akamwambia, naye akampandisha. Asumini alipouliza kama upande wa pili wa meza utaonekana, Langilangi alimwambia aache wivu.

Kazija alikuja, akaketi. Mize hakuona kitu ila maua. Alingoja na tonge mkononi mpaka wali ukapoa, akaamini kiti kile ni kitupu na dada yake amemdharau. Ng'ambo ya maua Kazija naye alingoja, akaamini amealikwa ili aaibishwe. Mwisho akainuka, akaenda zake.

Pambo lilipoondolewa baada ya karamu, Mize aliona kiti kimesogezwa nyuma, na mezani kawa la mama yao, lile walilofunikiwa chakula utotoni. Alikimbia bila viatu hadi njia panda. Hakumkuta mtu, na kabla ya mwezi kuandama Kazija akafariki.

"Nilimpambia mpaka nikamficha," Mize alisema. Majuto ni mjukuu, husemwa. Kwa Mize hakukawia kuzaliwa.

Langilangi alikuwa ameona pande zote mbili kutoka kule juu, akanyamaza kwa kuwa alipenda kutazamwa. Sasa alishikwa na haya. Akashusha petali zake, akatazama chini.

Na tangu siku hiyo langilangi huchanua ameinama, na sisi hatuweki pambo mezani likapita kidevu cha aliyeketi. Haya, wewe Tatu, acha kutunga, kaa pale ng'ambo ya meza nikutazame.

Bado sikioni kidevu chako, mwanangu. Ngoja nikate tena.