Aliyepaka Lami Juu ya Chumvi

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia, huko nje maneno yangu hayafiki. Mwenye mtoto amnyonyeshe, mwenye simu ainyamazishe, na mwenye habari za jirani yake azimeze kwanza mpaka nimalize. Haya. Kimya.

Kulikuwa na bwana mmoja kwenye mashamba ya chumvi, kule ambako upepo ukikupiga mdomoni unaonja munyu. Bwana huyu alikuwa na pikapu ya kupeleka chumvi mjini. Pikapu hiyo ndiyo iliyojenga nyumba, ndiyo iliyosomesha, ndiyo iliyotia sufuria jikoni. Na alikuwa amemwahidi binti yake, kifungua mimba wake, mbele ya wakwe: "Siku ya harusi yako nakukabidhi ufunguo. Gari na biashara ni vyako." Binti mwenyewe alikuwa dereva hodari, anajua kurudi kinyumenyume na mzigo kuliko wengine wanavyojua kwenda mbele.

Msidhani baba huyu alikuwa mvivu. Kila jioni utamkuta na kitambaa, anasugua milango mpaka unaweza kujitazama meno. Lakini gari, wanangu, halibebwi na milango. Linabebwa na mihimili miwili ya chuma iliyolala kule chini, mafundi huiita chesisi. Huko hakuna anayekwenda kujitazama meno.

Harusi ilipokaribia, akatandika gunia, akajilaza chini ya gari na kopo la lami na brashi. Mkewe akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba watoto, umeosha huko chini?"

"Nimeosha."

"Kwa maji gani?"

"Ya mkondo. Kwani maji si maji?"

Mkondo ule ni wa bahari, jamani! Maji matamu yalikuja kwa punda, na kumwagia gari maji ya kunywa kulionekana kufuru. Mke akainama, akapitisha kidole kwenye mhimili, akamnyooshea.

"Lamba."

"Mwanamume mzima nilambe gari?"

"Basi nalamba mimi." Akalamba, akatema. "Munyu mtupu! Mama yangu jembe lake aliliosha kwa maji matamu, akalikwangua kutu, akalianika, ndipo akalipaka mafuta. Alikuwa akisema, 'Mafuta hayajui kuosha, mwanangu, yanajua kufunika tu.' Ngoja nilete mtungi wangu. Tukioshe chuma hiki, tukikwangue, kikauke, halafu upake lami yako mpaka uchoke."

"Maji ya chai yangu yaoge gari? Tutachekwa! Wewe subiri lami ikauke. Upepo wa bahari utapiga hodi, utakosa wa kuufungulia."

Akapaka. Ilipokauka, akapaka tena. Kisha akaita majirani wainame watazame, nao wakainama, wakasifu: mzee, gari jipya hili! Na nani kati yetu hapendi kusifiwa? Lakini niambieni, ile chumvi ilikwenda wapi? Ile kutu ilikufa? Haikufa. Ilifunikwa blanketi, ikalala vizuri, ikawa inakula humohumo kitandani.

Siku ya harusi ikafika. Kikapakiwa kitanda, likapakiwa kabati, kisha mashangazi wakapanda nyuma na vigelegele vyao. Baba akainua ufunguo juu, watu wote wakaona, akamtia binti mkononi. Binti akawasha, akatoka uani polepole, akaingia kwenye kishimo kidogo tu cha barabarani.

Kra!

Pikapu ikavunjika katikati, ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Mashangazi wakaporomokeana.

"Nani kanikalia?"

"Nimekukalia? Si wewe uko juu yangu!"

Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Binti akashuka na shela lake, akatazama, akaketi kando ya barabara akalia. Baba akajilaza mchangani na kanzu yake nyeupe. Nje ya mhimili, lami nyeusi inang'aa. Pale ulipokatika, ndani, chuma kinabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu.

"Lakini nilipaka," alisema. "Nilipaka mara mbili, kwa mkono wangu!"

Mkewe akachuchumaa karibu naye. "Ulipaka, mume wangu. Hakuna anayekukatalia. Ila ulimfungia mwizi ndani, ukatia kufuli nje."

Mnacheka? Chekeni, kisha tujitazame. Tunamkosea wifi, badala ya kusema nimekosa, tunampelekea doti ya leso. Leso ni nzuri, lakini inajua kuosha? Tunagombana na ndugu, tunachinja mbuzi, tunakula pamoja, na lile neno halijatamkwa. Tunakuja kuomba tumevaa nyeupe, na moyoni chumvi ya miaka mingi inakula. Sisi si wavivu, wanangu. Tunafanya kazi nyingi, ila tunaanzia mwisho. Tuoshe kwanza. Nawaambia bila kusita: chuma kilichooshwa, kikakwanguliwa, kikakauka, kikifunikwa kitadumu mpaka kimzike aliyekipaka. Na Mungu hachoki kuinama kutazama chini, kule majirani wasikojua kukagua. Mpe kitu kilichooshwa, yeye mwenyewe atakifunika.

Mnauliza mali ile iliishia wapi? Injini aliichukua mkwe, ikawa inasaga mahindi. Milango ile ya kujitazama meno ikawa banda la kuku la mashangazi. Binti alirithi mtungi wa mama yake, na gari alilonunua baadaye kwa jasho lake linabeba chumvi mpaka leo. Na baba alirithi pale mahali uani alipokuwa akijilaza kupaka, udongo uliokunywa lami. Kila masika anapanda mchicha. Haujaota.