Mashine ya Wagonjwa na Jina la Mtoto wa Raya

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme bali zamani za mashine za boti, palikuwa na kisiwa kisicho na mto wala kisima cha maji matamu. Watu wake walikunywa mvua. Walikuwa na boti moja ya kuvushia wagonjwa, na mashine yake waliitunza kama bibi harusi. Kila ikirudi kutoka baharini waliutia mguu wake, ule unaozama majini, ndani ya pipa la maji ya mvua, wakaiwasha, mpaka chumvi yote iitoke tumboni. Chumvi na chuma hawapatani.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Matangi yakakauka. Watu wakauliza, "Tunywe sisi au inywe mashine?"

Bi Zuwena, mjane aliyebakiwa na maji tangini, akasema, "Inywe mashine." Kila boti iliporudi, akajaza pipa. Mwenyewe akanywa maji ya kisima, yale ya chumvi, ukiyanywa ndiyo kwanza unaona kiu.

Kisha mpira wa pampu, unaosukuma maji ya kuipoza mashine, ukapasuka. Madukani haupo. Fundi Khatibu akafungua mashine ya boti yake ya kuvulia, akatoa mpira wake, akaufunga kwenye ile ya wagonjwa. Boti yake ikalala mchangani, naye akawa anakula kwa dada yake. Jamani, mimi nisingeweza!

Asubuhi moja Raya akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema, "Ng'ambo, upesi!" Nahodha Machano akawasha, wakaondoka. Katikati ya mkondo akageuka, akaona kitundu cha mashine, kile kinachotema maji ya kuipoza, hakitemi tena. Akazima.

Ngwali, mumewe Raya, akamkaba shingo. "Mke wangu anakufa, wewe wazima mashine?"

"Nisipoizima mimi itajizima, na haitawaka tena. Niachie!"

Machano akainyanyua mashine, akachomoa mwani ulioziba njia ya maji, akaishusha, akavuta kamba. Ikawaka mara moja. Maji yakaruka. Wakafika, na mtoto akazaliwa akilia, mama yake yu hai.

Siku ya jina ikafika. Ngwali akasema, "Jina atalitoa aliyemwokoa." Na kisiwani kwao mpa jina ni mzazi wa pili, mtoto humtunza uzeeni. Na Bi Zuwena, Khatibu na Machano, hakuna hata mmoja wao aliyejaliwa mtoto.

Bi Zuwena akasema, "Bila maji yangu, chumvi ingeshaila mashine ile zamani."

Khatibu akasema, "Shikamoo yako, Bi Zuwena, lakini maji hayajisukumi. Bila mpira wangu msingetoka hata bandarini."

Machano akasema, "Mlitoa mlivyonavyo, Mungu awalipe. Lakini mimi nilizima hata nikakabwa shingo. Ningeogopa kelele, mashine ingeungua, na maji yenu na mpira wenu vingekuwa kazi bure."

Ngwali akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa. Raya naye machozi yakamtoka, maana wote aliwapenda.

Mtoto yuko mapajani hana jina, nanyi mnanikodolea macho! Semeni basi: aliyetoa maji yake, aliyetoa mpira wake, au aliyethubutu kuzima. Je, nani alistahili kumpa jina?