Majaruba ya Bi Mwanamvua

Kwanza weka mkono kifuani uape halitoki hapa. Umeapa? Haya.

Mtu mmoja alikuwa na laptopu kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, na ndani yake sauti ya marehemu mkewe. Ndiye Mzee Shekiondo wa Mombo, mkulima wa mpunga. Mkewe, Bi Mwanamvua, harusi haikuwa harusi mpaka yeye aongoze nyimbo, na mjukuu wao wa kike alikuwa akimrekodi. Basi bibi alipotangulia, kila jioni mzee anaiwasha, anamsikiliza mkewe anavyowasuta mawifi, anacheka peke yake mpaka jirani anagonga ukuta.

Diski ikajaa, ikaanza kukoroma. Mzee akanunua nyingine, kubwa kupindukia, akampelekea Nasra, fundi wa simu na redio pale stendi. Nasra akamwambia hii lazima igawiwe. Laptopu ya zamani ikiwashwa, macho yake hayafiki mbali. Diski kubwa namna hii, laptopu haioni mwisho wake. Vile vitu vya kuiamsha vitengewe sehemu ndogo, mwanzoni, inapoona. Nyimbo zikae nyuma. Ikishaamka itazifikia.

Mzee akagoma. Kwake kugawa ni kazi ya msiba. Nguo za mkewe zilikwisha gawiwa, vyombo vikagawiwa, mpaka kanga ya mwisho ikachukuliwa na wifi yake. Sasa na sauti nayo? Hii ibaki nzima, akasema, angalau kimoja kibaki kizima. Nasra hakubishana na mfiwa. Akatia kila kitu chumba kimoja.

Miezi ikaenda raha mustarehe. Nyimbo zinaingia, picha zinaingia, kila kinachoingia kinajikalia penye nafasi. Siku moja laptopu ikajisasisha yenyewe, na kile cha kuiamshia kikaenda kukaa huko mwisho kabisa, kusikoonekana. Wiki ya harusi ya yule mjukuu, asubuhi, mzee anabonyeza: kioo cheusi. Anabonyeza tena: cheusi tii. Na ukoo mzima ameshauahidi kwamba bi harusi atatolewa ndani kwa sauti ya bibi yake.

Akaifunga kwa shuka kama mtoto mwenye homa, akaibeba mpaka stendi. Nasra akachomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake mpya. Na Bi Mwanamvua huyo, anamsuta wifi vilevile. Hakwenda popote. Mzee akakalia kreti la soda.

Nasra akapunguza sauti, akamwuliza, "Babu, lile shamba lako la mpunga uliligawa majaruba kwa sababu umekufa, au ili maji yafike?"

Mzee akatazama miguu yake. Tope la shambani bado lilikuwa kwenye kucha. Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa, akamsukumia laptopu.

Nyimbo zikahamishwa pembeni kwanza, isipotee hata moja. Kisha diski ikapigwa matuta: kajaruba kadogo mbele, ka kuamkia, na makubwa mawili nyuma ya kuimbia. Siku ya harusi ikawashwa, ikaamka kwa kujikongoja, na bibi akaimba mpaka ukumbi ukatetemeka. Alipofika kwenye kumsuta wifi, wifi mwenyewe alikuwepo, kaivaa ile kanga. Akaucheza wimbo wa kumsuta yeye mwenyewe, machozi na kicheko pamoja. Mzee akasimama mlangoni ametulia, kama mtu anayetazama maji yakiingia jaruba la mwisho.

Sasa wewe, mwenye moyo kuukuu na makubwa ya kubeba, kile kidogo cha kukuamsha asubuhi umekitengea wapi?

Aliyenisimulia ni Bi Saumu, huyo huyo wifi, na kanga alikuwa nayo kiunoni. Nami niliapa, kama wewe.