Punda, Jogoo na Ghala la Kiinua Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Hii si hadithi ya walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, wanyama walipokuwa bado na vijiji vyao na vikao vyao, palikuwa na kijiji cha wanyama wa kazi. Maksai alilima. Punda alibeba. Mbuzi alitoa maziwa. Mbwa alilinda. Jogoo aliwaamsha wote. Na kila mmoja alijua kwamba ipo siku nguvu zitakwisha. Kwato zitachakaa. Meno yatang'oka. Sauti itakauka. Siku hiyo utakula nini?

Basi wakajenga ghala. Kila mavuno, kila mwenye nguvu alikata sehemu ya ujira wake akaimimina ghalani. Mtama, mahindi, mawele. Na kila aliyezeeka alikwenda asubuhi mlangoni, akapimiwa kibaba chake. Hakuomba. Hakupiga magoti. Kilikuwa chake, alikitolea jasho. Wakaliita Ghala la Kiinua Mgongo.

Ghala lilikuwa na kamati. Kamati ilikuwa na mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye aliyeshika ufunguo, na alichaguliwa kwa kura.

Lakini kura zile zilikuwa na ugonjwa. Mgombea huyu analeta debe la mahindi, yule analeta madebe mawili. Wanakijiji wanakula, wanacheza, wanampa kura aliyewashibisha. Akishaingia, jambo la kwanza ni kurudisha gharama zake. Anazirudisha kutoka wapi?

Ghalani!

Naam, ghalani. Punda aliliona hilo, likamkosesha raha. Alikuwa jike la makamo, mgongo umeota sugu, masikio marefu, maneno machache. Akazunguka mlango kwa mlango, msimu baada ya msimu, akisema, "Jamani, tuweke sheria." Wengine walimcheka. Wengine walimfungia mlango. Hakuchoka, mpaka siku moja kijiji kikakubali. Sheria ikapita, na maneno yake yalikuwa ya Punda mwenyewe: Mgombea asipokee zaidi ya pishi moja ya nafaka, yaani vibaba vinne, kwa kampeni yake. Alichopokea akitaje mbele ya wote. Atakayezidisha, atolewe.

Siku ile Punda alilia kwa furaha. Alidhani amelifunga ghala ndi, ndi, ndi.

Ikatokea mwenyekiti akafa. Uchaguzi ukaitishwa. Waliojitokeza ni wawili, Punda na Jogoo. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Korongo, ndege mrefu, mkimya, asiyependelea mtu.

Sasa, kule juu kilimani aliishi Ngiri, mfanyabiashara wa nafaka. Hakuwa mwanachama wa ghala. Hajawahi kutia humo hata punje. Lakini kila mwenyekiti aliyeingia, Ngiri alimwendea: "Nikopeshe nafaka ya ghala nikaiuze nchi za mbali. Nitairudisha maradufu." Na kila mwenyekiti, hata wale wala rushwa, aliogopa akakataa.

Kampeni zikaanza. Punda akaacha kazi ya kubeba, akawa anatembea. Ko, ko, ko, nyumba hadi nyumba. Majirani wakamchangia, huyu konzi, yule konzi, mpaka pishi moja ikatimia. Akasema, "Basi. Hapo panatosha."

Siku ya pili akasikia ngoma uwanjani. Akaenda. Akakuta masufuria yanatokota, bwata, bwata, bwata! Ugali wa mtama, maharage, pombe ya mawele imejaa mitungi pomoni. Ngiri mwenyewe ameshika mwiko. Na kijiji kizima kinaimba:

"Nani kawalisha?"

"Rafiki wa Jogoo!"

"Nani mumpe kura?"

"Kokoriko! Kokoriko!"

Jogoo alikuwa amekaa mbali, juu ya paa, hagusi kitu.

Punda akakimbia kwa Korongo, pumzi zikimwishia.

"Bwana Msimamizi, Jogoo anagawa chakula!"

"Jogoo hagawi, Bi Punda. Ngiri anagawa."

"Anagawa kwa ajili ya Jogoo!"

"Jogoo amepokea?"

"Hajapokea, lakini..."

"Sheria inasema mgombea asipokee. Hajapokea. Ngiri si mgombea. Rafiki wa Jogoo si Jogoo."

"Na ule wimbo je?"

"Sheria haikutaja nyimbo."

"Basi tuibadilishe! Leo hii!"

Korongo akainamisha shingo. "Haibadilishwi katikati ya uchaguzi. Hilo ulitaka wewe mwenyewe, Bi Punda, ili wajanja wasiichezee."

Punda akageuka kuondoka. Angefurahi kama Korongo angekuwa amehongwa, apate wa kumchukia. Lakini Korongo hakuhongwa. Alikuwa anayashika maneno ya Punda kama yalivyo.

Akaendelea kutembea. Ngoma zikaendelea kulia. Pishi yake ikaliwa, ikaisha, na ujira hapati, maana habebi. Mbavu zikaanza kuonekana. Maksai mzee, aliyefanya naye kazi katika mabonde yale tangu ujanani, akamwona.

"Dada, umekula?"

"Nimekula, kaka."

"Jana?"

Punda akainamisha masikio. Maksai akamsogezea bakuli lake la kiinua mgongo. "Tule wote. Utaanguka njiani, kisha tumpe kura nani?"

Punda akala. Asubuhi iliyofuata akala tena. Kila asubuhi Maksai alimega nusu ya kibaba chake, na kila asubuhi Punda alikula akiwa ameinamisha uso.

Ikafika siku ya kutaja. Kijiji kizima uwanjani. Jogoo akasimama, manyoya yanang'aa.

"Sikupokea kitu. Hata punje moja!"

Makofi! Vigelegele!

Zamu ya Punda. Akasimama. Alijua akisema "pishi moja," yamekwisha. Maksai asingemtaja hata kwa kuchinjwa. Uongo ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, mdogo, laini. Akawatazama wale wote aliowabishia milango kwa ajili ya sheria ile. Akasema:

"Nilipokea pishi moja. Kisha ndugu yangu Maksai akawa ananimegea chakula chake. Nimezidisha."

"Umezidisha?" akauliza Korongo, kama anayemwomba abadilishe neno.

"Nimezidisha."

"Basi sheria inakutoa."

Maksai akapiga ukelele. "Kilikuwa chakula changu! Nilimpa chakula changu mwenyewe!"

"Najua, mzee wangu," akasema Korongo.

Jogoo akapita bila kupingwa. Kokoriko! Watu wakarudi kwenye mitungi. Mbuzi peke yake akabaki, akamgusa Punda begani.

"Usijilaumu, Bi Punda. Hata ungebaki, tungempa Jogoo tu. Alitulisha."

Mbuzi alisema hivyo kwa huruma. Neno lile lilimchoma Punda kuliko kicheko chochote.

Mnadhani Punda alikwenda wapi? Hakuwa na pa kwenda. Mavuno yalipopita, Jogoo akaja mlangoni kwake.

"Bi Punda, kuna kazi ya kubeba. Utalipwa."

"Kubeba nini?"

"Nafaka ya ghala. Tumemkopesha Ngiri. Ameahidi maradufu."

Punda alitaka kukataa. Tumbo likamjibia. Kacha! Mlango wa ghala ukafunguliwa. Pu! Gunia la kwanza mgongoni. Pu! La pili. Akapanda kilima, ko, ko, ko, akashuka mtupu. Akapanda tena. Ndani ya magunia yale mlikuwa na mtama aliotoa yeye mwenyewe, mwaka kwa mwaka, tangu akiwa mwanapunda. Kijiji kilimwona akipita. Hakuna aliyeimba.

Ngiri akaondoka na nafaka. Hakurudi.

Kibaba kikawa nusu kibaba. Nusu ikawa konzi. Konzi likawa neno: "Subirini." Jogoo alisema, "Aliniahidi maradufu," akasema tena na tena, mpaka hata yeye akaacha kulisema.

Maksai akarudi shambani. Uzee ule, akaingiza shingo kwenye nira. Akalima mstari mmoja. Akaanza wa pili. Akaanguka tifu! Hakuinuka.

Punda akamkimbilia, akapiga magoti kwenye udongo.

"Dada," akasema Maksai, "siku ile ya kutaja ungedanganya tu."

"Ningedanganya, kaka?"

"Ungedanganya."

Punda akatafuta jibu. Alitafuta mpaka macho ya Maksai yakatulia, na hakulipata. Wanasema mpaka uzeeni kwake, akibeba kuni za watu kwa magoti yanayogongana, alikuwa akisimama njiani ghafla, masikio juu, kama anayetaka kusema jambo. Kisha anaendelea.

Basi wakubwa na wadogo, shikeni hili: sheria inayomfunga mgombea na kumwacha anayemlipia, humkamata mwaminifu peke yake. Na sisi tunaokula karamu ya uchaguzi, tunakula uzee wetu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msiniombe niongeze kitu mpate kulala vizuri. Sina cha kuongeza.