Nyongeza ya Bustani ya Shangwe

Hapo zamani, sogeeni karibu, na wewe unayecheka huko nyuma cheka umalize kabisa, palikuwa na bustani mbili za michezo zikitazamana, barabara katikati. Moja Raha Kubwa, ya pili Shangwe. Kila moja ina pembea za kuzunguka, ina mitelezo ya maji, ina nyumba za wageni kulala. Ziligombania wageni kama wauza nyanya sokoni.

Akaja Mbaruku na mkewe Mwanahawa, na Bi Tamima, mama yake Mbaruku, na binti yao wa pekee, Chausiku, aliyeahidiwa pembea tangu alipougua.

Mbaruku akauliza Raha Kubwa. Wakamwambia kila kichwa kinalipa, mtoto naye analipa, chakula mbali, pembea mbali. Akavuka barabara, akauliza Shangwe. Mwenye Shangwe, mtu mpole asiyepepesa macho, akamwambia nyumba nzima bei moja, chakula humo humo, pembea humo humo, nusu ya bei ya jirani.

"Hapa hapa!" akasema Mbaruku. Hakuuliza kwa nini pembea zinazunguka na hazina watoto. Bei ilishamlevya, maskini.

Mwanahawa naye ni mtu wa sokoni. Hanunui hata fungu la mchicha bila kuongezewa. Akasema, "Sawa, kaka. Na nyongeza je?"

"Nyongeza ipo, dada. Mtaipokea?"

Bi Tamima, asiyependa mtu apewe kitu akakosa shukrani, akakinga mikono miwili. "Tumeipokea, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Chausiku akacheza kutwa mpaka sauti ikamkauka. Wakalala. Asubuhi Mwanahawa akaita, "Chausiku, njoo unywe uji!"

Wakaja wawili.

Wallahi, wawili! Gauni lile lile, kovu lile lile gotini, pengo lile lile la jino. Huyu akilia, na yule analia. Wakiulizwa jina la paka wa nyumbani, wanajibu pamoja. Mwanahawa akapiga ukunga.

Mwenye Shangwe akaja taratibu. "Si mliomba nyongeza? Nimetoa. Ila lango langu linatoa idadi iliyoingia. Mliingia wanne, mtatoka wanne. Chagueni wa kubaki, na abakiye hapa hatoki tena na watu wake. Jua likifika utosini lango linafungwa, mtabaki wote."

Bi Tamima akawatazama, akawanusa vichwa, akamshika mmoja mkono. "Huyu ndiye. Damu yangu siipotezi. Twendeni." Yule mwingine akaanguka chini, hata kulia hakuweza.

Wakafika langoni. Aliyeshikwa mkono akasimama.

"Bibi, mimi siye."

Na kovu la gotini likafutika hapo hapo.

"Naitwa Mosi," akasema. "Nilikuja hapa na baba na mama. Nao waliomba nyongeza. Wakachagua, wakakosea. Tangu siku ile navishwa sura ya kila mtoto anayekuja. Ningenyamaza, leo ningelala kwenye nyumba ya watu. Lakini nimemwona mwenzangu alivyoanguka. Na mimi nilianguka vile vile."

Mwanahawa akarudi mbio, akambeba mwanawe. Sasa wako watano, lango ni la wanne, na jua linapanda.

Mbaruku akasema, "Nibaki mimi. Mimi ndiye niliyekimbilia rahisi, sikuuliza."

Mwanahawa akasema, "Nibaki mimi, baba Chausiku. Ningefunga mdomo wangu, yasingetukuta haya."

Bi Tamima akasema, "Nyamazeni nyote! Mimi ndiye niliyepokea kwa mikono yangu hii. Na mimi ndiye niliyekuwa namwacha mjukuu wangu, natoka na mtoto wa wenzetu. Nimeshakula chumvi nyingi. Nibaki mimi."

Mosi akasema, "Nibaki mimi, Bibi. Nimeshazoea." Alisema hivyo, lakini mkono wa Bi Tamima hakuuachia.

Haya, wasikilizaji wangu, mliokuwa mnacheka. Yuko aliyefuata rahisi, yuko aliyeomba, yuko aliyepokea, na yuko mtoto wa watu aliyesema kweli. Chausiku anawatazama mmoja mmoja, na kivuli cha lango kimebaki kidogo sana.

Je, nani alistahili kubaki?